Sekretere wa Rejista za Ajali

Kabla hajaandika neno lolote, Papa Sekretere alimwaga vizibo vya chupa mezani. Kizibo chekundu kilikuwa gari, cha njano pikipiki, cha kijani baiskeli, na punje za mahindi zilikuwa watu wa miguu. Kisha aliwaambia waliogongana kila mmoja asukume cha kwake, polepole, mpaka pale ilipotokea. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa kizibo cha mwenzake. Niliwahi kumwona dereva wa lori na mwendesha pikipiki wakisukuma vizibo vyao kwa ustadi mkubwa, kila mmoja upande wake wa kulia, mpaka vikapishana na kwenda zake bila kugusana. Papa Sekretere aliviangalia, akafunga kalamu, akawaambia kwamba kwa kadiri anavyoona ajali haikutokea, basi warudi nyumbani. Walibaki pale, mmoja na goti limefungwa kitambaa, mwingine na kioo cha taa mkononi, mpaka wakaomba wenyewe kusukuma upya.

Mji mzima ulimwita hivyo, Papa Sekretere, ingawa makarani wamejaa Kisangani. Alikuwa mwandishi wa ofisi ya ajali za barabarani, chumba kimoja chenye madirisha mawili pale Makiso, katikati ya mji, na kwa miaka mingi kila aliyegongwa au aliyegonga katika mji huu alipita mbele ya meza yake. Sasa amehamia Yanonge kwa binti yake. Namwandika kwa sababu ya matuta ya Kabondo, yale ya kupunguza mwendo ambayo sisi huyaita dodani. Kila siku wanafunzi wa shule ya msingi huvuka pale, na wazazi wao hawajui kwamba nusura matuta hayo yajengwe kwingine kabisa, kwa kosa la mtu mwenye diploma. Mtu huyo ni mimi.

Nilikutana naye kwanza kama mkosaji. Nilikuwa na miaka ishirini, naendesha toleka, zile baiskeli zilizokuwa teksi za mji wetu kabla pikipiki hazijatuondoa barabarani. Nilikuwa nimemgonga mama mmoja aliyebeba gunia la makaa. Mezani nilisukuma kizibo changu cha kijani taratibu, kama padri anayeingia kanisani. Mama naye akaiweka punje yake ya mahindi mbali kabisa, ukingoni. Papa Sekretere aliinamia meza, akapima kwa macho.

"Bon. Weye ulikuwa unakuja polepole, mama alikuwa kando," alisema. "Donc ni gunia ya makala ndiyo ilikugonga?"

Mama alicheka wa kwanza, na mimi nikashindwa kujizuia. Nilikiri kwamba nilikuwa nimegeuza shingo kumtazama msichana aliyekuwa akipita. Aliyaandika yote, pamoja na msichana. Kisha aliniuliza nasoma nini, nikamwambia hesabu, na kwamba toleka ndiyo inayonilipia shule. Alikusanya vizibo vyake.

"Unajua kuhesabu, ile naona. Lakini unahesabuka mbele ya kuangalia."

Kwamba nahesabu kabla ya kuangalia: niliona ni maneno ya mzee aliyezoea kukemea, nikayasahau. Sikuwa na mjomba serikalini wala baba mdogo, tonton, Ulaya. Niliuza baiskeli yangu, nikapanda lori la mizigo kwenda mashariki, nikafika Kampala baada ya wiki tatu nikiwa na shati moja. Nimeosha magari asubuhi, nimesoma mchana, nimelala kwenye stoo ya matairi. Nimerudi na diploma ya usimamizi wa data, na nilikuwa wa pili katika darasa letu. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mhadhiri. Nasema haya bila haya, kwa sababu mji wetu una watu wengi wanaorudi na miwani ya jua tu.

Kitu alichokijali Papa Sekretere kuliko vyote ni mahali. Wengine wakija na majina, namba za pikipiki, nani mtoto wa nani, yeye aliinua mkono: mahali kwanza, watu watafuata. Na hakutosheka na kuambiwa. Kila asubuhi baada ya ajali alikwenda mwenyewe, rejista imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, akasimama pale pale, akageuka pande nne. Aliandika kama kuna kilima, kama miti inaziba macho, kama kuna mama anayeuza samaki ambaye wateja wake husimama barabarani. Mama mmoja wa samaki aliwahi kumfukuza kwa ufagio akidhani anapima kiwanja ili amuuzie mtu mwingine. Alirudi siku iliyofuata, akanunua samaki, akamaliza kupima.

Alikuwa na imani kwamba mtu mwenye njaa husema haraka na kukosea. Kwa hiyo ofisini hapakukosa kwanga, mkate wetu wa muhogo. Alikata vipande, akawapa wote wawili, mgongaji na mgongwaji, na kuwangoja watafune. "Kula kwanza, kasirika nyuma," alikuwa akisema. Nimeona watu walioingia wameshikana mashati wakiombana chumvi. Wakubwa zake walilalamika kwamba rejista za serikali zina madoa ya mawese. Ni kweli. Baadaye mashine yangu ya kupiga picha karatasi ilishindwa kusoma kurasa kadhaa kwa sababu ya madoa hayo.

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Mzee yule aliyehubiri breki kwa kila mtu, aliyewasimamisha waendesha pikipiki, ambao sisi huwaita motari, na kuwabinyia breki zao barabarani, alipanda baiskeli isiyo na breki hata moja. Alipotaka kusimama aliegemeza soli ya kandambili ya kushoto kwenye tairi la mbele, na kandambili hiyo ilikuwa imelika mpaka imebaki nyembamba kama jani. Motari walimngoja mteremkoni kuelekea daraja la Tshopo ili wamzomee.

"Papa Sekretere, utajiandika mwenyewe leo?"

"Nikianguka, leteni vizibo," aliwajibu akipita.

Pia alikuwa na wivu wa rejista. Hakumwachia mtu kuandika ndani yake hata alipougua malaria. Watu waliogongana waliletwa mpaka kitandani kwake, na mkewe akashika ubao wenye vizibo. Na alipenda sana sifa. Ukimwambia mwandiko wake ni mzuri, hiyo asubuhi yote imekwisha, atakuonyesha herufi K za miaka tofauti.

Niliporudi mjini, kamati ya usalama barabarani ilikuwa inatafuta mtu wa kupanga ghala la data za ajali. Walinipa kazi hiyo kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejua inafanywaje, na hilo nalisema kama lilivyo. Kazi ilikuwa hivi: ajali za mji ziliandikwa sehemu tatu, katika rejista za Papa Sekretere, katika vitabu vya hospitali, na katika daftari la chama cha motari. Hakuna aliyeziona zote pamoja. Mimi nilitakiwa kuziingiza mahali pamoja, ndani ya kompyuta, ili ramani ionyeshe kwa rangi nyekundu sehemu inayoumiza watu kuliko zote. Mji ulikuwa umepata saruji na chuma cha matuta ya sehemu moja tu. Ramani ndiyo ingeamua ni wapi.

Nilimweleza Papa Sekretere ghala la data ni nini kwa mfano wa depo za bandarini: magunia yanatoka Isangi, Opala, Yanonge, kila mashua na lake, lakini ndani ya depo yanapangwa kwa safu moja na kila gunia linajulikana. Alielewa kuliko wajumbe wa kamati. Kisha akauliza swali.

"Alama ya gunia munaiandikaka mbele ya kuingiza, ama ndani ya depo?"

Nikamjibu kwamba mashine hupanga ndani. Nilikuwa na haraka.

Rejista zake zilikuwa kumi na moja, nene, zimeshonwa kwa uzi. Mashine yangu ilimeza karatasi moja moja, haikuweza kumeza kitabu. Kwa hiyo nikaamuru zikatwe: majalada yatupwe, uzi ukatwe, karatasi zikae huru. Papa Sekretere alikuja akakuta kisu kazini. Alisimama mlangoni, akaomba tusubiri kwanza, azungumze na mimi. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba karatasi zitabaki, ni ngozi tu inayotoka. Aliinama akaokota majalada sakafuni, moja moja, akayapanga kifuani kama mtu anayebeba sahani, akaondoka nayo. Mwezi huo huo wakubwa walimwambia apumzike, kwa kuwa sasa kuna mashine. Nilimnunulia shati la kuagia. Nadhani hakulivaa.

Anayeujua mji wetu ameshaliona kosa. Tshopo, wilaya yetu ya kaskazini, ina avenue, yaani mitaa, zenye namba: ya kwanza, ya pili, mpaka juu. Kabondo nayo ina zake, namba zile zile. Mtu wa Kisangani hasemi kamwe "ya kumi na mbili" peke yake kama yuko mbali na nyumbani. Lakini Papa Sekretere alikuwa na rejista za Tshopo na rejista za Kabondo, mbali mbali, na jina la wilaya aliliandika mara moja tu, kwa herufi kubwa nzuri, juu ya jalada. Ndani aliandika namba ya avenue na habari ya mahali. Nilipokata majalada nilikata wilaya. Wachapaji wangu wawili walichapa walichokiona, na mimi, niliyezaliwa hapa hapa mjini, Mangobo, na kuendesha toleka katika avenue zote hizo, nikaziunganisha mbili kuwa moja, na kuiweka ile moja Tshopo, kwa sababu orodha ya mitaa niliyokuwa nayo ilianza na Tshopo.

Ramani ilitoka nzuri sana. Avenue ya kumi na mbili ya Tshopo iliwaka nyekundu kama jiko. Kamati ilipiga makofi, saruji ikapelekwa, fundi akaambiwa aanze Jumatatu, siku ambayo shule nazo zingefunguliwa.

Jumatano Papa Sekretere aliingia kwenye kikao cha kamati bila kualikwa, kofia mkononi. Alisema matuta yanatakiwa Kabondo, pale avenue ya kumi na mbili inapokata lami, kwa sababu lami inateremka, pikipiki zinakuja zimezima injini kuokoa mafuta, na watoto wa shule hawazisikii. Alisema ameandika pale watoto kuliko mahali pengine popote, na hataki mwaka mwingine waandikwe. Mwenyekiti alinitazama mimi. Wajumbe walinitazama mimi. Nikamjibu mbele ya wote kwamba ramani haichoki wala haisahau, na kwamba sisi sote tutazeeka. Watu wakacheka kidogo. Hata leo nikiwa peke yangu nakisikia kicheko kile.

Hakukasirika. Alivaa kofia yake, akafika mlangoni, akageuka.

"Enjenyere," aliniita. "Pale kwa Tshopo, weye umefikaka?"

Sikuwa nimefika tangu nirudi. Alhamisi asubuhi nikaenda, nikiwa na hakika kwamba naenda kupata picha za kumnyamazisha. Avenue ya kumi na mbili ya Tshopo ni mchanga. Ni mchanga mzito hivi kwamba pikipiki ya kwanza niliyoiona ilikuwa inasukumwa na mwenyewe, na abiria wake anatembea nyuma ameshika viatu. Nilikaa pale kwa muda wa saa mbili. Kuku walivuka. Mzee mmoja alikausha mihogo katikati ya njia. Kando, mifuko ya saruji ya kamati ilikuwa imefunikwa turubai, ikingoja kupunguza mwendo wa mtu yeyote atakayejitokeza.

Nilirudi ofisini nikafungua sanduku la karatasi. Zilikuwa mamia, huru, zimechanganyika, zote kwa mwandiko ule ule mzuri, zote zimeandikwa namba tu. Vitabu vya hospitali vilitaja wilaya kwa baadhi ya majeruhi, si wote. Kulikuwa na mtu mmoja mjini anayeweza kuzitenganisha, na nilikuwa nimemwambia atazeeka.

Ijumaa nilivuka mto kwenda Lubunga, ambako alikuwa akiishi wakati huo, na sanduku langu ndani ya mtumbwi. Mke wake alinipa kiti, akanipa maji, hakunipa maneno. Papa Sekretere alitoka, akaliona sanduku, akaingia tena ndani. Nilidhani ndiyo jibu lake. Alirudi na majalada kumi na moja, akatandika mkeka uani, akayapanga juu yake.

"Lete ya kwanza," alisema.

Nilisoma, yeye akaonyesha. Muuza petroli wa chupa, aliyevunjika mkono: Kabondo. Mwalimu mwenye baiskeli ya bluu: Tshopo, alianguka peke yake, alikuwa amekunywa pombe ya lotoko lakini aliomba isiandikwe. Mtoto mwenye begi jekundu: Kabondo. Mapacha waliokuwa wameshikana mikono: Kabondo. Hapo sikuisoma iliyofuata kwa haraka. Mimi siyo mtu wa kuamini kumbukumbu kwa sababu tu ina mvi. Hivyo sivyo nilivyofundishwa. Kila karatasi iliyokuwa na mwenzake katika kitabu cha hospitali niliilinganisha kimya kimya. Hakukosea hata moja. Jumamosi jua lilipoelekea kuzama, majalada ya Kabondo yalikuwa yamejaa na ya Tshopo ni membamba.

Nilikuwa nafunga sanduku aliponiuliza.

"Na mbele ya kamati, utasema nini?"

Nilimwambia nitasema kulitokea hitilafu ya mashine. Ndivyo wataalamu wanavyosema, na hakuna anayeumia.

"Ile mashine iko na mikono ya kushika kisu?"

Nilinyanyua sanduku. Alinisindikiza mpaka ufukweni, akaishika kamba ya mtumbwi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mutoto yangu, batu bakijua ni mashine, kesho watanunua ingine na kukata tena. Bakijua ni mutu, watauliza mutu."

Jumapili baada ya misa mwenyekiti aliita kamati nyumbani kwake, kwa ombi langu. Niliweka ramani mpya mezani, ya Kabondo. Aliuliza kama mashine ilikuwa imekosea. Nilisema hapana: wilaya ilikuwa juu ya jalada, mimi niliyakata majalada, nilionywa na sikusikiliza, na aliyerekebisha ni yule tuliyemcheka Jumatano. Mjumbe mmoja alisema labda hiyo diploma ni ya kununua. Nilimwacha aseme. Wenye diploma katika mji huu ni wengi. Walioweza kuitamka sentensi ile mbele ya kamati nawajua, ni mmoja, na bado najivunia. Saruji ilihamishwa jioni ile ile kwa mkokoteni. Sasa ghala letu halipokei karatasi yoyote bila wilaya kuandikwa kwenye kila mstari, na kabla ya kuingiza mahali papya lazima mtu aende akasimame pale.

Mara ya mwisho nilimwona wiki moja kabla hajapanda mashua ya Yanonge. Alinitumia ujumbe tukutane Kabondo, saa ya watoto kutoka shule. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe kando ya lami, baiskeli imelala pembeni, anayatazama matuta. Watoto walivuka kwa vikundi, wakisukumana, bila kutazama popote, kama watoto wanavyovuka. Alikuwa akihesabu kwa vidole, sijui nini, sikumuuliza.

Pikipiki moja iliteremka imezima injini. Motari aliyaona matuta amechelewa, akabinya breki, akaruka kidogo kwenye kiti, akasimama kabisa miguu miwili chini. Wasichana watatu walipita mbele yake wakila mandazi. Alingoja wapite, kisha akatugeukia kwa hasira.

"Ni nani aliweka hii dodani hapa? Anataka kutuvunja mugongo?"

Papa Sekretere alisimama taratibu, akajipangusa vumbi la suruali, akanishika begani.

"Ni huyu," alimwambia. "Alisoma mbali."